Nimefunguliwa mlango kwa 110,000, sasa usingizi hauji

UmmuRayyan (Mombasa, Unguja), Alkhamisi usiku

Assalaam alaykum wenzangu. Naomba ushauri, na nawaomba msinicheke sana. Kidogo inatosha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani na watoto wawili, baba yao yuko Pemba kikazi. Baada ya Isha tukatoka uani kuanua nguo. Kusi siku hizi linavuma kama lina ugomvi na mtu. Mlango ukajibamiza nyuma yetu, na ufunguo uko ndani, umening'inia kwenye kitasa. Bahati simu nilikuwa nayo, na watoto wote wako nje na mimi.

Pale kona ya kwetu kuna nguzo ya umeme imebandikwa karatasi: FUNDI VITASA, SAA 24, BEI NAFUU. Nikapiga. Kijana ana sauti ya upole: "Usijali mama, elfu kumi na tano tu, niko karibu." Huo ukaribu ulichukua saa nzima. Wakaja wawili juu ya vespa moja. Mlango hakuutazama hata dakika, akasema, "Hiki kitasa cha usalama, hakifunguki ila kwa kutoboa." Drili ikalia, dakika tano mlango wazi. Nikashukuru Mungu.

Halafu ndio hesabu ikaanza. Kitasa kimeshakufa, sasa utalala vipi mlango wazi na watoto? Yeye anacho kipya kwenye mkoba. Kufungua 40,000, kitasa 55,000, na kwa kuwa ni usiku, 15,000. Nikamuuliza, na zile elfu kumi na tano za kwenye simu? Akanambia, "Ile ilikuwa ya kuja tu mama." Wakati huo ni saa 5 usiku, mlango una tundu, mdogo kashalala begani kwangu. Nikalipa 110,000 kwa simu. Risiti hakuna. Na jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo si lile alilonitajia.

Yalonileta hapa ni haya. Kitasa hichi kipya tayari kinakaza, mpaka niukamate ufunguo kwa mikono miwili. Nimempigia, anasema atakuja kukifanyia sevisi kwa 20,000. La pili ndilo linaloninyima usingizi: kanipa funguo mbili, na boksi kaondoka nalo. Sijui boksi lilikuwa na ngapi. Kila nikisikia vespa inapunguza mwendo nje, nakaa kitako kitandani.

Nifanyeje? Na nyinyi mnawapataje mafundi wa kuaminika?

---

Kijana_Jangombe

Pole dada. Kwa 110,000 mimi ningekufungulia na drili nikakuachia.

---

BiMkubwa_Fuoni

Wa alaykumu salaam. Pole mwanangu. Pesa zitarudi, shukuru watoto walikuwa nje na wewe. Ingekuwa wao wako ndani na jiko linawaka ungelipa hata 300,000 na ungesema asante.

Ila nikugombeze kidogo kama mama yako. Nyumba ya watu watatu ina ufunguo mmoja? Mimi wa kwangu mmoja uko kwa mdogo wangu Tomondo, mwengine kwa jirani ambaye tumezikana. Si kwa jirani yeyote, lakini. Yule wa pili simpi hata sufuria.

---

Mchamvi_77

Wageni hawa ndio wanaotuharibia mji. Zamani ulikuwa unalala mlango wazi.

---

UmmuRayyan

Mchamvi, kijana yule Kiunguja chake kinapita changu. Kanambia "hebu n'nuilie taa mama". Tusiwasingizie watu.

Bi Mkubwa, nimekubali kugombezwa. Ufunguo wa pili alikuwa nao baba watoto, uko Wete.

---

Fundi_Mlandege

Dada pole. Mimi kazi yangu ni hii, miaka mingi, nina meza yangu na mashine ya kuchongea. Nitasema kwa urefu kwa sababu watu kama hao wananiharibia jina hata mimi.

Mlango wako ulijibamiza tu, hukuufunga kwa ufunguo. Vitasa vingi vya nyumba vina ndimi mbili. Mmoja umekatwa mshazari, unakwenda na kurudi kwa springi. Wa pili ni mnene, wa mraba, huo hautoki mpaka uzungushe ufunguo. Mlango ukipigwa na upepo, unaoshika ni ule wa mshazari peke yake. Fundi anayejua kazi anaanza hapo, anausukuma ulimi urudi bila ya kugusa kitasa. Mara nyingi mlango unafunguka na rangi haichubuki, na kitasa chako cha zamani kingekuwepo mpaka leo. Ipo milango inayokataa kwa namna ilivyopachikwa, hapo unahamia kwenye silinda, kile kipande kinachoingia ufunguo, unachokoa pini zake za ndani moja moja. Ina kazi, lakini inafunguka. Drili ni ya mwisho kabisa, baada ya kujaribu na kushindwa. Fundi anayeshuka kwenye vespa drili iko mkononi, huyo hakuja kufungua. Kaja kuuza kitasa.

Halafu hata akitoboa, anachotoboa ni hiyo silinda. Mwili wa kitasa uliomo ndani ya ubao unabaki mzima. Silinda inauzwa peke yake, inashikwa na skrubu moja ndefu ya ubavuni mwa mlango. Wewe umeuziwa kitasa kizima kwa ugonjwa wa silinda.

Kuhusu kukaza: usimpe hizo 20,000. Fungua mlango, uache wazi, kisha zungusha ufunguo hewani. Ukizunguka laini, kitasa hakina tatizo, ulimi ndio unagonga lile bati la kwenye mwimo kwa sababu hakulipima. Tundu la bati linatiwa tupa kidogo au bati linasogezwa, kazi ya robo saa. Ukikaza hata mlango ukiwa wazi, hapo kitasa chenyewe ndio kibovu.

Na nikuulize suali moja. Alipofika alikuuliza nyumba ya nani?

---

UmmuRayyan

Fundi, nimejaribu sasa hivi. Mlango wazi unazunguka kama siagi. Nikiufunga ndio unakaza.

Na suali lako... hakuuliza. Hakuuliza kitu chochote. Wala jina langu.

---

Fundi_Mlandege

Basi hilo mimi linaniogopesha kuliko bei.

Nikiitwa usiku nikamkuta mtu mlangoni simjui, kwanza namuuliza jirani yako nani, mgongee atoke. Au nampigia mwenye nyumba nimsikie. Au naomba kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi nimtambue. Ikiwa kitambulisho kimefungiwa ndani, nafungua, kisha tunaingia pamoja na jirani anionyeshe kabla sijapokea pesa. Wapo wanaonuna: "Kwani mimi mwizi?" Nawambia si wewe, lakini kesho mumeo uliyegombana naye akinita nimfungulie, utapenda nimuulize au nisimuulize?

Aliyekufungulia wewe bila ya kuuliza atamfungulia mtu mwengine nyumba yako bila ya kuuliza.

---

BiMkubwa_Fuoni

Ah! Hili sikuwahi kulifikiri. Mimi siku zote namuona anayeniuliza maswali kuwa ndiye mkorofi.

---

Mchakwe

Dada afadhali yako wewe alikuja. Mimi mwaka jana kufuli ya duka ilinigandia asubuhi ya Idi pili, hapa Chake. Nikapewa nambari na mtu, fundi anasema yuko Wete, nitumie nauli na ya kununulia kifaa, 25,000. Nikatuma. Akanambia yuko Mzambarauni. Baada ya nusu saa, yuko Mzambarauni. Adhuhuri simu imezimwa. Nahisi mpaka leo yuko Mzambarauni.

Kufuli mwisho aliikata mwashi jirani yangu kwa msumeno, bure, nikampa soda.

---

Kijana_Jangombe

😂😂 Mzambarauni kuna foleni yakhe.

---

NimeachaJambiani

Salaam kutoka Leicester. Msidhani ni huko kwetu tu. Hapa Uingereza mchezo ni ule ule, umevaa koti. Kazi ya kufungua vitasa haihitaji leseni ya serikali, mtu yeyote anaweza kununua drili akajiita fundi. Wanatangaza mtandaoni bei ya "kuanzia" pauni chache, unapiga, inapokea ofisi ya mbali kabisa inayokuletea mtu wa kulipwa kwa kamisheni, na huyo akifika kila kitasa ni "cha usalama mkubwa", kitobolewe. Maneno yale yale aliyoambiwa Ummu, sijui wamesoma skuli moja! Ndiyo maana watu hutafuta fundi aliyemo kwenye orodha ya Master Locksmiths Association, chama cha mafundi wenyewe, ambacho kinawafanyia mtihani na kuwakagua.

Marekani nako ile tume yao ya biashara ya shirikisho imeshawaonya watu: uliza bei kamili kabla, uliza nyongeza zote, na mtu akikimbilia kutoboa, mtilie shaka. Na mwaka 2025 Google iliwashitaki watu kwa kubandika biashara za uongo kwenye ramani yake. Chanzo kilikuwa fundi vitasa mmoja wa Texas aliyelalamika kuwa kuna mtu anajifanya yeye.

Kwa hiyo ile karatasi ya kwenye nguzo na ile ramani ya kwenye simu ni kitu kimoja. Kubandika hakuhitaji uaminifu.

---

UmmuRayyan

Umenikumbusha. Leo nikienda kumchukua mtoto skuli nimepita nikitazama nguzo. Nambari ile ile nimeiona sehemu tatu, na kila karatasi ina jina la fundi tofauti. Moja ameandika "Fundi Mzee". Sauti yake haifiki miaka ishirini na tano.

---

Mtu_wa_Shangani

Naingilia kwa upande wa sisi tunaokaa nyumba za zamani. Kwetu mlango wa mbele ni wa kuchonga, mbao mbili na mfaa katikati, unafungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye tumbuu, ile pete ya chuma ya kushikia mnyororo. Mpangaji wetu alipoteza ufunguo wa kufuli. Kufuli yenyewe ya 8,000. Fundi aliyeitwa akaiacha kufuli akakata tumbuu, chuma cha miaka na miaka, kwa sababu eti kilikuwa laini zaidi. Kisha akashauri atoboe mfaa atie kitasa cha kisasa! Nilifika akiwa keshaweka alama ya penseli.

Jamani, kufuli ikigoma, inayokatwa ni kufuli. Na nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, usimruhusu mtu kuchimba mlango wa kuchonga kabla ya kwenda kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na milango ile ni sehemu ya sababu. Fundi wa drili hilo halimhusu, yeye anaondoka. Utakayeulizwa ni wewe.

(Tumbuu nimeichomea tena kwa mhunzi. Haipendezi. Kila nikiingia ndani natazama pembeni.)

---

Mchamvi_77

Sawa, nimerudi kwa adabu. Suali la kweli: mtu anampataje fundi mwema usiku wa manane? Fundi_Mlandege mwenyewe nadhani saa 5 usiku amelala.

---

Fundi_Mlandege

Nimelala kweli, na simu imezimwa, mke wangu hataki mchezo 😄

Jawabu ni kuwa fundi hatafutwi usiku. Anatafutwa mchana, siku ambayo huna shida naye. Mpelekee ufunguo wa kuchonga nakala, umtazame anavyofanya kazi. Ana pahala pa kudumu? Ukirudi kesho utamkuta? Akikosea kuchonga anarudia bila ya maneno? Majirani wa meza yake wanamjua kwa jina lile lile analokutajia wewe? Mtu mwenye meza Darajani au Mwanakwerekwe akikudhulumu unajua pa kumuendea, na yeye anajua kuwa unajua. Chukua nambari yake, iweke kwenye simu na simu ya jirani. Mimi naweza kuwa nimelala, lakini nina mwanafunzi anayepokea, na yeye asipoweza anajua nani anaweza.

Ukipiga, usiulize "kufungua mlango bei gani". Swali hilo ndilo linalompa nafasi ya kusema 15,000. Mueleze: mlango wa mbao au wa chuma, umejibamiza au umefungwa kwa ufunguo, ufunguo umevunjikia ndani au uko upande wa pili. Kisha muulize: mpaka niingie ndani, pamoja na nauli na usiku wake, jumla ni ngapi? Na ukishindwa ikabidi utoboe, jumla inakuwa ngapi, na silinda nitanunua wapi? Mwambie akuandikie kwenye ujumbe. Fundi wa kweli atakwambia "kati ya hii na hii, nikiona mlango nitasema kamili kabla ya kugusa". Hiyo sawa. Asiyetaka kuandika hana bei. Atakutazama uso atakapofika ndio atajua.

Na akifika akibadilisha bei kabla ya kugusa kitu, una haki ya kumwambia rudi, hata kama utampa nauli yake. Nguvu yako yote iko kabla drili haijawashwa. Tundu likishatoboka, wewe ndiye mwenye shida.

---

BiMkubwa_Fuoni

Hapo ndipo mtoto wa kike anapohitaji mtu wa kusimama naye. Mwanangu siku nyengine gonga kwa jirani kwanza, akae tu hapo nje na kanzu yake. Si lazima aseme neno.

---

UmmuRayyan

Kweli Bi Mkubwa. Niliona haya kuamsha watu.

Lakini wenzangu, funguo. Mnanipa ushauri wa mlango unaofuata, mimi nalala nyuma ya huu.

---

Mtu_wa_Shangani

Usikisie. Piga picha kitasa, nenda nayo duka la vifaa vya ujenzi, tafuta kitasa kama hicho, fungua boksi uhesabu.

---

Fundi_Mlandege

Sawasawa. Na ukiwa huko huko nunua silinda, usinunue kitasa. Kabla hujaenda, pima. Kutoka katikati ya tundu la ile skrubu ndefu mpaka mwisho wa silinda upande wa ndani, halafu mpaka mwisho wa upande wa nje. Itakuwa kama milimita 30 na 30, au 35 na 35, wakati mwengine pande hazilingani. Andika zote mbili. Silinda ikiwa ndefu ikachomoza nje ya bati la kitasa ni kasoro kubwa, mwizi anaishika kwa koleo anaivunja. Iwe sawa na bati, ikizidi isizidi milimita 2 au 3.

Kubadilisha utafanya mwenyewe. Mlango wazi, toa skrubu ile moja, tia ufunguo, uzungushe kidogo kidogo huku unavuta, kuna kijino kinachojificha ndani, kikishalingana na silinda, inatoka. Mpya inaingia vivyo hivyo. Bisibisi moja tu.

Msitie mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, nawaona nyote. Yanashika vumbi na chumvi ya pwani, baada ya miezi inakuwa gundi. Kwaruza risasi ya penseli, tia unga wake kwenye ufunguo, ingiza na kutoa.

---

Kijana_Jangombe

Fundi tukiwa bado tuko hapa, na wa gari je? Nimepoteza ufunguo wa IST, mmoja ninao. Kuna mtu kanambia 350,000, mwengine 180,000.

---

Fundi_Mlandege

Gari si fani yangu, wa gari wana kompyuta zao. Ninalolijua: kuchonga chuma ni kitu kimoja, kuisajili chipu kwenye gari ni kitu chengine, uliza bei imeshika vyote viwili au kimoja. Na mwambie akufutie ule uliopotea. Gari nyingi zina namna ya kusahau funguo zote na kusajili upya zile zilizopo mkononi. Ukilipa mtu akaongeza mpya tu, wa zamani bado unawasha gari yako popote ulipo.

---

Kijana_Jangombe

Wote wawili hawakunambia hilo.

---

NimeachaJambiani

Na nyinyi vijana, mkipata nyumba mpya msiweke picha ya ufunguo kwenye status na "alhamdulillahi". Meno yake yanasomeka kwenye picha. Mtu akikuza picha anaweza kuchongesha. Shukuruni kwa dua.

---

Mchamvi_77

Hivi kuna pa kushitaki au ndio basi?

---

Mtu_wa_Shangani

Papo. Zanzibar tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, malalamiko ya mtumiaji ni kazi yao, na sheria yao ya 2018 inamtaja mtumiaji waziwazi. Shida ya Ummu ni ushahidi: hana risiti, jina si lake. Lakini anao ujumbe wa malipo, ana jina lililosajiliwa kwenye laini ile, ana tarehe na saa, na kaziona karatasi tatu za nambari moja. Si haba. Mimi ningeanzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwa sababu yeye anaweza kuwa kashasikia wengine wawili mtaa huo huo, na malalamiko ya watu watatu yana uzito mwengine. Na ikiwa jamaa anatishia au anarudi rudi nyumbani, hiyo si ya Tume tena, ni ya polisi.

Siku nyengine, ile silinda iliyotobolewa ibaki kwako. Usikubali aondoke nayo. Fundi mwengine akiitazama atakwambia kama kweli ilikuwa haifunguki.

---

UmmuRayyan, Jumamosi mchana

Narudi na habari.

Nimekwenda Mwanakwerekwe na picha yangu. Duka la kwanza wanacho, kitasa kile kile, boksi la kijani. Bei 22,000. Nikamwambia muuzaji nifungulie nihesabu funguo. Akanitazama kama nina wazimu. Akafungua. Zimefungwa kwa waya pamoja, tatu.

Nilikaa kidogo kwenye ngazi ya duka, wallahi. Muuzaji kaniletea maji.

Nilimpigia pale pale. Nikamwambia kwa upole, kijana, boksi lina funguo tatu, wa tatu uko wapi? Akasema, "Hapana mama, zile zilikuja mbili." Nikamwambia niko dukani, boksi liko mkononi kwangu. Akakata. Nikapiga tena, haipatikani. Nimepiga kwa simu ya muuzaji, ikapokelewa mara moja: "Fundi Mzee hapa, nikusaidie nini?"

Nimenunua silinda 10,000, 35 na 35. Sheha nimemkuta barazani, kanisikiliza vizuri, kaandika nambari, na kanambia mimi ni wa pili mwezi huu. Yule wa kwanza ni bibi mmoja anayekaa peke yake. Sheha amesema atakwenda kwake yeye mwenyewe jioni hii amwambie abadilishe. Jumatatu tunakwenda pamoja, mimi na mtoto wa yule bibi, na makaratasi yetu.

Sasa Fundi nisaidie: ile skrubu ndefu imekataa. Bisibisi inateleza. Wiki moja tu na imeshika kutu?

---

Fundi_Mlandege

Si kutu, kaikaza kwa drili. Usilazimishe utaila kichwa. Tafuta bisibisi pana inayojaa kwenye mkato, inyooshe sawasawa na skrubu, mpe mtu mzima aibane kwa uzito wa mwili, kisha robo mzunguko tu kwanza. Ikigoma kabisa niandikie nije, leo niko macho. Na nitakuuliza nyumba ya nani 😄

---

BiMkubwa_Fuoni

Mwanangu upo? Mbona kimya?

---

UmmuRayyan

Nipo. Jirani kaja na kanzu yake na bisibisi ya babu yake. Imetoka.

Silinda mpya imeingia, bati la mwimo tumelitia tupa, ufunguo unazunguka kwa vidole viwili. Mmoja nampelekea mama, mmoja kwa jirani huyu huyu, na mmoja nimeufunga shingoni kwa uzi kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ile silinda ya Fundi Mzee nimeitia kwenye mfuko wa plastiki na tarehe juu yake, kwa ajili ya Jumatatu.